Filister na Programu Mpya

Nilichokiona kwanza kwa Filister ni kwamba hakai kitini. Huchapa akiwa amesimama, huenda mlangoni kutazama barabara, kisha hurudi kwenye kompyuta.

Duka lake, hapa mjini Suna, huchapisha vijitabu vya mazishi. Siku hizi wateja huleta faili za programu mpya, na programu yake ya zamani huzivuruga. Leo iliwatanguliza watoto wa mke wa tatu wa mzee marehemu mbele ya watoto wa mikayi, mke wa kwanza. Kila alipopanga upya, majina yaliruka tena.

“Nyar Lambwe, unataka tupigane kaburini?” akauliza Japheth, mwana wa mikayi, akimwita binti wa Lambwe, kwao alikozaliwa.

“Si mimi, ni kompyuta.”

“Basi kompyuta ije imweleze mama!”

Filister alihofia kwamba programu mpya ingeilemea kompyuta hiyo kuukuu, izimike kabisa, na mazishi ni kesho. Alizunguka meza mara kadhaa, kisha akabonyeza kitufe cha kukubali kuisakinisha.

Sasa yeye na Japheth wamesimama, wakisubiri mstari wa kijani kwenye skrini ujae ili wafungue faili ya mzee.