Chai ya Baba Mkwe

Duka la baba pale Mbalizi lilinuka majani ya chai na mafuta ya taa, na harufu hiyo ilitufuata mpaka kitandani. Watu wakianza kuisifu miaka ya hamsini mbele yangu, nachoka. Miaka hiyo kampuni moja ya chai ilimletea baba picha kubwa ya kubandika ukutani: mwanamke kijana amepiga magoti, anampa baba mkwe wake kikombe. Baba, ambaye wazee wake walitoka pwani, aliitazama akakunja uso. Mwanamke yule alikuwa anatoa kwa mkono wa kushoto. Astaghafirullah, alisema, watu wazima wanachora utovu wa adabu namna hii! Akakata karatasi ya pakiti ya chai, akaufunika nayo ule mkono kwa gundi ya unga, akaridhika.

Nilikuwa na miaka minane, nami nilimpenda Subilaga, mke wa fundi baiskeli jirani yetu, Mnyakyusa aliyeolewa mwaka ule. Ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenibeba mgongoni nilipougua malaria, mama akiwa Iringa anamuuguza bibi. Siku ya soko gari la matangazo la kampuni ile ya chai likaja na kipaza sauti. Mtangazaji akamkalisha mzee mmoja kwenye kiti, mgongo wake ukielekea dukani, akataka mama mmoja aigize ile picha. Subilaga alikuwa ndani ananunua chumvi. Alikataa. Nilidhani ni aibu tu. Nikamvuta, nikamng'ang'ania mpaka akatoka. Baba mwenyewe alimpa kikombe na kumsisitiza atumie mkono wa kulia. Akazunguka kiti, akakutana uso kwa uso na baba wa mumewe.

Kikombe kilianguka. Subilaga alijifunika kanga usoni, akachutama vumbini. Mtangazaji akazidi kupaza sauti: usione haya, mama, mpe mzee chai. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mzee akainuka, akaenda zake bila kugeuka.

Kesho yake mume wa Subilaga alisimama mlangoni mwa duka, hakuingia.

"Kwetu mke hamwangalii baba wa mumewe, hata jina lake halitaji. Mmemsimamisha mbele yake sokoni, mkamcheka."

"Lakini alitumia mkono wa kulia," baba alijibu.

Hakuwa anatania, maskini. Ndicho alichokijua. Subilaga alirudishwa kwao Tukuyu mpaka wazee wakae waliweke sawa jambo lile, na walipolimaliza hakutaka tena kuishi Mbalizi; mumewe akahama akamfuata. Nililia wiki nzima. Sikumwambia mtu nani aliyemtoa dukani.

Sasa mjukuu wangu anatengeneza matangazo ya televisheni. Juzi alinionyesha moja kwenye simu, familia nzima inacheza muziki kwa ajili ya sabuni, wakwe kwa wakwe. Akaniuliza kama kuna kitu kitakachowaudhi watu. Nikavaa miwani, nikalitazama mara mbili, nikamwambia sioni ubaya. Akafurahi, akapanda bodaboda. Baba naye hakuuona. Nilitaka kumwita arudi nimweleze habari za Subilaga, lakini nilikuwa nimechoka, na pikipiki ilishafika barabarani.