Mitungi ya Maziwa Kijitoni

Kijito chetu cha Kapseret kilianza kutoa povu kampuni ya maziwa ilipoacha kuosha mitungi yake. Zamani lori lao lilikuja alfajiri, likachukua maziwa ya Mama na ya majirani, na mitungi ikaoshewa kiwandani mjini. Kisha kazi ya kukusanya wakampa kontrakta, naye kontrakta akawapa watu wa boda boda. Mtungi lazima uwe safi kabla ya kujazwa. Uoshewe wapi, hakuna aliyesema. Basi wakawa wanasimama kijitoni, pale pale Mama anapochota maji, na kumwaga sabuni kali ya unga inayochubua mikono.

Vyura ndio walionyamaza kwanza. Nilimsihi Mama aache yale maji, akanicheka. Eti nimehamia mtaa wa Pioneer mjini, nimezoea mfereji, sasa naogopa mto ulionilea. Haukupita muda ng'ombe wake akaharibu mimba.

Nilienda kiwandani nikiwa nimefura. Meneja alinipokea vizuri mno. Akanionyesha mabwawa ya kusafishia maji taka, bata wakiogelea, na cheti cha utunzaji wa mazingira ukutani. Nilipomtajia kijito alitabasamu.

"Maji ya hapa ni safi, dada. Kazi ya Kapseret si yetu, ni ya kontrakta."

Kontrakta naye akasema wale wa boda si wafanyakazi wake, kila mtu na pikipiki yake. Nikamwendea mmoja wao kijitoni, mikono imembabuka hadi viwikoni. Akasema yeye huambiwa tu mtungi uwe safi. Hapo ndipo woga uliponiingia, kwa kuwa sikubaki na mtu wa kugombana naye.

Nikapanda hadi kwa Mama. Alikuwa ameshatoa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kama afanyavyo kila nikija.

"Mama, kibuyu umeosha na maji gani?"

"Ya mto. Kwani kuna mengine?"

Sikupokea kikombe alichonimiminia. Alinitazama, akaona naogopa, akadhani namshuku yeye. Kwetu mgeni akisita, mwenye nyumba huonja kwanza, ijulikane hakuna sumu. Mama akanywa hadi nusu, akapangusa mdomo, akaninyooshea kilichobaki.