Vidole Vinne Juu ya Mkono Wangu

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, mjini Bariadi. Atakayesema nimetunga ni shauri yake.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nilipopofuka, kazi yangu ilibaki kwenye jaribio moja: nitambue maumbo matatu kati ya matano kwenye kibao cha pini, kifaa ambacho vijiti vidogo huinuka na kuchora umbo chini ya kidole. Nikishindwa, basi nisahau darasa.

Bahati mbaya chumba kilipakana na mashine ya kusaga. Meza ikatetemeka, pini zikatetemeka, mraba nikauita duara. Nami nikafanya kosa la mkulima wa pamba: nikabinya kwa nguvu, kama tunavyobinya pamba kujua imekauka. Kadiri nilivyobinya ndivyo umbo lilivyozidi kupotea. Nikakosa mawili mfululizo.

La tatu lilipoinuka, mkono ukatua juu ya wangu. Mkono wa mama mtu mzima, mkavu, wenye vidole vinne. Nilivihesabu, kipofu huhesabu kila kitu. Na niamini, meza nzima ilitetemeka, mkono wangu ulitetemeka, wake ulitulia tuli. Wewe utalielezaje hilo?

“Ng'wana wane, mwanangu, usibinye,” akasema. “Fanya kama unamtafuta kupe kwenye ndama. Ngozi itacheza, iache icheze. Wewe pitisha kidole tu.”

Nikalegeza mkono, nikapitisha kidole taratibu. Mtetemo ukabaki huko chini, pembe zikajitokeza moja moja.

“Pembetatu,” nikasema. Mawili yaliyofuata sikukosa.

“Yule mama ameenda wapi?” nikamwuliza msimamizi wa jaribio.

“Mama gani, mwalimu? Tuko wawili tu, na mlango nimeufunga kwa komeo.”

Jioni nikampigia mama yangu, yuko Shishiyu. Nikamsimulia habari ya vidole vinne. Kisha akaniambia mama yake, aliyefariki kabla sijazaliwa, alikatwa kidole baada ya kung'atwa na nyoka zizini, akiwatoa ndama kupe.

Leo nafundisha. Mkono wangu alioushika haujatetemeka tena, hata nikiuweka juu ya mashine inayonguruma. Nashukuru mno, na kila siku nasema hivyo kwa sauti, peke yangu, watu wakinicheka. Ila siku ile, alipokuwa amenishika, sikusema neno. Nilikuwa na haraka ya kujibu.

Kwa hiyo wewe, mkono wowote ukikusaidia, usingoje kujua ni wa nani. Sema asante kabla haujakuachia.