Siku Baba Mkwe Alipoingia Nyumbani Kwangu

Juzi mjukuu wangu alileta maswali ya shule: zamani mlikula nini, mlicheza nini, mlikatazwa nini. Hilo la mwisho lilinirudisha Sironga, miaka ya sabini, nikiwa mwalimu kijana niliyeolewa huko kutoka Taita.

Niliambiwa mapema kwamba huku Gusii baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala hatazami kitanda chake. Ni heshima. Baba mkwe alitujengea nyumba ile kwa mikono yake, lakini tangu tuhamie alikuwa akisimama uani tu, nami nikimpelekea uji huko huko hata mvua ikinyesha. Nilikuwa nikicheka chinichini, mjinga mimi.

Asubuhi moja ya kiangazi nilimwacha mtoto wangu wa miezi saba amelala kitandani, nikashuka mtoni kuchota maji. Mahindi yalikuwa motoni, na tulikuwa tukipikia humo humo ndani. Niliporudi, paa la nyasi lilikuwa likiwaka. Mtungi ulinitoka. Uani baba mkwe alikuwa ameketi chini akikohoa, mtoto yuko mapajani mwake, mzima, analia.

Nilimkumbatia mwanangu. Majirani wakajaa, na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mtoto. Mama mkwe alimtazama mumewe, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu aliingia mpaka ndani? Mpaka kwa kitanda?"

Hasira zilinipanda. Nilimwambia kama asingeingia, saa hizi tungekuwa tunachimba kaburi. Darasani nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba mwacha mila ni mtumwa. Siku ile niliichukia methali hiyo. Wazee walikuwa wameshaanza kuzungumzia mbuzi wa kutakasa. Mume wangu, msomi wangu, akakodolea macho udongo.

Mkono wa kulia baba mkwe alikuwa ameukunja kifuani. Mama mkwe alipoukunjua, kiganja chote kilikuwa kimebabuka, kama cha mtu aliyeshika figa la moto. Sikuelewa. Mafiga yalikuwa upande wa kushoto wa mlango, kitanda upande wa kulia, na kulikuwa kweupe. Nikamuuliza aliyashikaje.

Alinijibu akitazama migomba, asinitazame mimi.

"Mama, mimi nilifunga macho. Nilifuata mtoto akilia. Kitanda yenu sikuona."