Nilivyoandika Kwamba Mama Robi Amekubali

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimevaa shati la kaka yangu, na mikono yake ilikuwa mirefu kwangu mpaka nikaikunja mara tatu. Nilikuwa nimechaguliwa kuwa mwandishi wa mkutano wa majirani hapa Turwa, nikajiona mtu mkubwa. Kijana wa aina yangu akishapewa daftari na kalamu mbele za watu, anaanza hata kukohoa kama diwani. Cheka tu, nami nacheka ninapoandika.

Juzi umenipigia simu ukasema kwamba Jumamosi mtaa wenu unakaa kuamua kama rafiki yako afungue grosari ya pombe kwenye njia ya shule. Ukasema wewe hutaki, majirani wengi hawataki, ila yeye ni rafiki yako na huwezi kumwambia. Ukaniuliza, "Baba, nisiende tu mkutanoni?" Sikukujibu palepale kwa sababu jibu lenyewe lina aibu yangu ndani, na mama yako alikuwa kakaa karibu ananisikiliza. Nimeona heri nikuandikie.

Baba yako mdogo Chacha, huyu anayeuza mabati na misumari mjini, wewe unamjua kwa miwa anayokuletea na kicheko chake kinachosikika mpaka barabarani. Mimi na yeye ni saro moja. Tulitahiriwa msimu mmoja, asubuhi moja, yeye kasimama kushoto kwangu. Kwetu Wakurya mtu wa saro yako ni zaidi ya rafiki. Anaingia kwako bila kubisha hodi, anafunua sufuria mwenyewe, na akikuomba jambo unampa kwanza, kufikiri unafikiri baadaye.

Basi Chacha alikuwa ametoka machimboni, huko kwenye dhahabu, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na mtaji. Akataka kufungua grosari. Bia, pombe kali za chupa, viti nje, muziki. Na kiwanja alichokuwa nacho kilikuwa kimepakana na nyumba ya Mama Robi, mjane aliyekuwa analea wasichana watatu peke yake. Njia ya shule ilikuwa inapita hapo, na ya kwenda bombani pia.

Leseni ya vileo haitoki hivi hivi, hata wakati ule. Majirani wanakaa kwanza, wanasema kama wanakubali au wanakataa. Muhtasari unaandikwa, sahihi zinaambatanishwa, unapelekwa kata. Kata nayo inakaa, na ikipitisha ndipo mwombaji anaendelea mbele. Kwa hiyo yule anayeandika muhtasari, kumbe ana kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Watu walikuja wengi. Kila aliyefika aliandika jina na kutia sahihi kwenye daftari langu, ya mahudhurio tu. Mama Robi hakujua kuandika vizuri, akaweka dole gumba, kisha akajipangusa wino kwenye ukingo wa kanga. Zamu yake ya kusema ilipofika alisimama akasema taratibu, "Mimi sikatai pombe. Mimi mwenyewe napika ya mtama, na hapa wengi mmekunywa. Lakini pombe yangu ni ya harusi, harusi ikiisha na mtungi umeisha. Hii ya Chacha itaisha lini? Dirisha la wanangu hili hapa."

Watu wakaguna, na ukisikia watu wa kwetu wanaguna hivyo ujue wameafiki. Wazee wawili wakamuunga mkono. Waliomtetea Chacha ni wenzake wawili wa machimboni, ambao hata hawakuwa wakazi wa Turwa. Mwenyekiti akasema sasa tunyooshe mikono tuhesabu. Hapohapo mvua ikashuka, mvua ya kweli, na kila mtu akakimbia na kiti kichwani. Mkutano ukafa bila uamuzi. Mimi nikalikumbatia daftari ndani ya lile shati la kaka yangu nikakimbia nalo.

Kesho yake asubuhi Chacha akaja. "Mwita, ndugu yangu, mvua imetuharibia. Sahihi zote unazo wewe. Andika tu kwamba wamekubali, tusiwasumbue watu mara ya pili."

Usidhani alinipa kitu. Hata soda hakuninunulia. Afadhali angenipa, ningekuwa na kitu cha kumrudishia. Aliniangalia tu kama mtu wa saro anavyomwangalia mwenzake, ana hakika kabisa. Nilijua majirani hawataki, nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Nikachukua kalamu nikaandika, "Wajumbe wote kwa pamoja walikubali." Nikapiga na mstari chini kwa rula, upendeze. Na juu ya karatasi nikabana orodha ya mahudhurio, pamoja na dole gumba la Mama Robi.

Chacha akaenda zake anapiga mluzi. Wiki hiyohiyo akachimba msingi. Kuta zikapanda, mabati yakaja.

Mama Robi alikuja nyumbani kwetu mchana mmoja. Akamsalimia baba yangu, "Shikamoo mzee," akakaa, akapewa uji, akaunywa wote mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Alipoweka kikombe chini ndipo akanigeukia.

"Mwita, nimesikia nimekubali."

Nikainama kuokota kikombe chake.

"Nimeona nije nikuulize wewe uliyeandika. Labda nilikubali nikasahau. Maana likifunguliwa lile, mimi nauza nyumba narudi Itiryo kwa kaka zangu. Siwezi kulea wasichana ukutani mwa baa." Akanishukuru kwa uji, ambao hata sikuupika mimi, akaondoka. Mwanangu, nimetukanwa mara nyingi maishani, nimewahi hata kufukuzwa kwa fimbo sokoni Sirari, lakini hakuna lililoniumiza kama upole wa yule mama.

Baba yangu alikuwa anachonga mpini wa jembe muda wote huo. Hakuinua kichwa. Akasema, "Siku mnatahiriwa nilikuwa pale. Ulisimama mbele ya kisu, hukupepesa hata jicho. Nilitembea kwa maringo mwezi mzima kwa ajili yako. Leo unamwogopa mtu uliyesimama naye?"

Nikajitetea kwamba ni saro yangu, nitamwambiaje hapana.

"Kwa kuwa ni saro yako ndiyo maana inakupasa umwambie," akasema. "Mgeni angenyamaza, nisingemlaumu. Nenda leo. Mwambie yeye kwanza, kwake, kabla hujawaambia wengine. Akikasirika, mkasirikiane nyinyi wawili tu, bila watu kuwatazama. Halafu ukarekebishe ulichoandika."

Nikaenda. Nilitembea na maneno yangu nimeyapanga vizuri. Lakini Chacha aliponiona akafurahi mno, akamwita mkewe, chakula kikaletwa, kichuri cha mbuzi na ugali wa moto. Nikasema nile kwanza. Nikala. Akanishika mkono akanipeleka kunionyesha jengo, akaniuliza mlango aupake rangi gani. Unajua nilimjibu nini? Nilisema bluu. Mtu niliyekwenda kumzuia asijenge, nikamchagulia rangi ya mlango, nikaaga nikarudi nyumbani. Baba aliniuliza kwa macho, nami nikaenda kukata majani ya ng'ombe ambao walikuwa wameshashiba.

Siku ya kikao cha kata ikafika. Chacha alikuwa amekaa mbele, kavaa koti. Mama Robi alikuja na wasichana wake wote watatu, wakasimama karibu na mlango kwa kuwa viti vilikuwa vimejaa. Mtendaji akasoma muhtasari wangu kwa sauti. Alipofika "wote kwa pamoja walikubali" nilimwona Mama Robi anaangalia dole gumba lake. Sijui kama alikuwa anaangalia kwa makusudi. Nilijikuta nimeshasimama.

Nikasema, "Hizo ni sahihi za mahudhurio. Watu hawakukubali. Wengi walikuwa wanakataa, mvua ikatutawanya, na mimi ndiye niliyeandika uongo."

Mtendaji akavua miwani. "Kijana, unajua unachosema hapa ni kosa?" Nikasema najua. Nikapewa maneno makali, na nilistahili, na uandishi nikavuliwa siku hiyohiyo. Majirani wakaambiwa wakutane upya. Walipokutana mvua haikunyesha, mikono ikahesabiwa, wakakataa. Mama Robi hakuhama. Wasichana wote watatu waliolewa wakitokea katika nyumba ile, na mpaka leo ukipita pale asubuhi utamkuta anafagia.

Kwa hiyo utasema mambo yaliisha vizuri. Kwa Mama Robi, ndiyo. Lakini Chacha alisikia hayo kwa mara ya kwanza mle ndani, mbele ya diwani, mbele ya wakwe zake, mbele ya watu wote. Aliniangalia mara moja tu. Akachukua kofia yake akatoka. Hakukanyaga kwangu tena kwa miaka miwili. Kaka yako alipozaliwa hakuja. Nilikuwa namwona ng'ambo ya barabara, moyo unaniuma kweli, naye anageuka kama anaangalia hali ya hewa. Nilimkosa sana, siwezi kukuficha.

Chacha alirudi siku baba yangu alipofariki. Sikumwita. Nilitoka nje asubuhi nikamkuta yumo ndani ya kaburi mpaka kifuani, anachimba, hataki kupokewa jembe. Baada ya mazishi akaja akakaa karibu nami, mikono ina udongo bado. Nikaanza kumwomba msamaha wa siku ile ya kikao, kwamba nilimnyima leseni. Akanikatiza.

"Ya leseni yalishaisha," akasema. "Yule mama alikuwa na haki, hata mke wangu aliniambia. Ungenikatalia asubuhi ile nilipokuja na mambo ya kuandika, ningekasirika wiki moja, ya pili ningerudi kula kwako. Mwita, mimi nilijenga kwa sababu wewe ulinyamaza."

Nilikuwa nimeishi miaka miwili nikidhani nilimuumiza siku niliyosema. Kumbe nilimuumiza siku zile zote ambazo sikusema, kila siku tofali moja.

Sasa, mwanangu, jibu lako hili hapa. Mkutanoni nenda, na ukiulizwa sema unachoamini. Lakini usisubiri Jumamosi. Nenda kwa rafiki yako kesho, kabla hajanunua hata msumari, umwambie kwa mdomo wako kwamba utapinga na kwa nini unapinga. Mwambie kabla hujaketi kula, maana najua ulivyo, umetoka kwangu. Msaidie kutafuta sehemu nyingine ya biashara, usimwachie hapana tupu. Wala usiweke jina la mtu chini ya neno ambalo hakulisema, hata akikuomba ndugu, hata nikikuomba mimi. Na majirani wakikaa wakakubali kweli, wakahesabiana mikono, basi heshimu, ukae nao.

Mungu akupe ujasiri mbele ya wale unaowapenda, maana huko ndiko tunakopungukiwa wengi. Wazee wetu waliolala hapa Turwa wakusindikize kesho mpaka mlangoni kwake. Majirani na waamini neno lako hata usipokuwepo. Na huyo rafiki yako akikasirika, Mungu amtunze huko aliko mpaka akurudie, na asingoje msiba.