Samaki wa Zambarau

Walisema sitafika mavuno ya mpunga. Majirani zangu wa Bigwa walikuwa wakipita kando ya vidimbwi vyangu vya saruji, wanachungulia, wanacheka. "Mtu kasoma mpaka diploma, karudi kufuga mboga isiyoliwa!" Mama mmoja muuza maandazi aliniuliza karibu kila asubuhi, "Baba, leo unawapika au bado unawatazama tu?"

Niliwajibu kwa kazi. Diploma yangu ya ufugaji wa samaki niliisomea Mwanza, nikijilipia ada kwa kubeba magunia. Kisha nikafanya kazi Dar es Salaam kwenye duka la samaki wa mapambo, mpaka tajiri akawa hanunui samaki bila mimi kumwangalia kwanza. Niliporudi nilijua nilichokifuata. Maji yanayoshuka kutoka Uluguru ni baridi na safi, na samaki wa dhahabu hapendi joto la Dar. Hapa kwetu hakuna aliyeliona hilo kabla yangu, nalisema bila haya.

Mtaji niliukopa. Mjomba, ambaye neno lake ndilo la mwisho kwenye ardhi ya ukoo wa mama, alinipa kipande cha shamba kando ya kijito, na juu yake fedha za ndizi zake. Akina mama wa kikundi cha kukopeshana nao walinikopesha. Fedha za pampu ya hewa alinipa rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Wengine wote walipocheka, yeye hakucheka. Nikampa ufunguo wa banda.

Kwa asiyejua: samaki wa dhahabu hazaliwi na dhahabu yake. Akiwa mdogo ana rangi ya tope, ungedhani ni perege. Rangi imo ndani ya ngozi, inatoka polepole, na chakula ndicho kinachoikoleza. Nilinunua karoti kwa akina mama wanaozishusha kutoka milimani, nikazisaga pamoja na uduvi mkavu, nikawalisha. Miezi ikapita, wakatoka na rangi ya chungwa lililoiva, na waliokuwa wakicheka wakaanza kuleta wageni wao kuwaona. Nilikuwa pia na majike weupe, wakubwa, niliowachagua mmoja mmoja wawe mama wa kizazi kijacho. Watoto wao ndio wangelipa madeni yangu. Rafiki yangu alilijua hilo vizuri.

Ndipo ikaja kamati ya harusi.

"Mtaalamu," alisema mwenyekiti, mama mwenye sauti ya kuamrisha, "rangi zetu ni zambarau na dhahabu. Vitambaa zambarau, keki zambarau, mashangazi sare zao zambarau. Tunataka samaki kila meza."

"Dhahabu nitakupa, mama. Zambarau Mungu hakumpa samaki huyu."

"Si umwombe basi, wewe msomi!"

Kamati ikaangua kicheko, na rafiki yangu akacheka kuliko wote. Tukakubaliana dhahabu tu.

Wiki ile ya harusi nilikuwa Mlali nikimjengea mteja kidimbwi, hivyo kazi ya kupeleka samaki ukumbini nilimwachia rafiki yangu. Jioni ya sherehe nilitoka Mlali nikaenda ukumbini moja kwa moja. Mshereheshaji aliponiona alipaza sauti: "Jamani, huyu hapa fundi wa samaki wa zambarau! Makofi kwake!" Nikapunga mkono. Kisha nikaitazama meza ya karibu.

Samaki alikuwa zambarau sawasawa na kitambaa kilicho chini ya bakuli. Mapezi zambarau, matamvua zambarau, hata pembeni mwa macho. Maji yenyewe yalishaanza kubadilika. Na zambarau ile niliijua, kwa sababu nimeikalia tangu utotoni: ni ile ya unga wanaochemshia ukindu wa mikeka. Halafu nikautambua mkia. Alikuwa jike wangu. Meza ya pili, jike wangu. Wote walikuwa juu ya maji, wakipanua midomo kutafuta hewa.

Nilimkuta rafiki yangu nyuma ya jiko, ana sahani ya pilau mkononi.

"Umewafanya nini?"

"Nimewaloweka kwenye siki kidogo, utelezi utoke, rangi ishike. Kaka, ukumbi mzima unakusifu!"

"Wale ni mama wa mbegu yangu."

"Wale weupe? Walikuwa wanakula bure tu. Kamati imeongeza hela, nusu yako. Nimekufanyia wewe, mwanangu, upunguze madeni. Acha kununa, hii ni harusi."

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba alikuwa anayaamini maneno yake.

Kulipokucha walikuwa wamekufa wote. Ile nusu yangu sikuichukua. Nikabadilisha kufuli. Lakini habari zilishatangulia. Mwenye hoteli mmoja alikuja na fedha mkononi akitaka zambarau, nikamrudisha. Wengine wakaanza kuitilia shaka hata dhahabu yangu. Gulioni Mkuyuni, mzee mmoja alimtoa samaki kwenye beseni, akamsugua kwa pindo la kanzu yake, akaikagua nguo.

"Shikamoo, mzee. Haitoki."

"Marahaba. Hata wauza khanga husema hivyohivyo."

Wiki iliyofuata nilirudi Mkuyuni na samaki ambao mfanyabiashara mwingine asingewaonyesha sokoni: nusu tope, nusu dhahabu. Mtu anayepaka samaki rangi angeuzaje kazi ambayo haijakwisha? Watu waliwanunua kwa udadisi, wakawalisha karoti kama nilivyowaelekeza, wakaiona dhahabu ikijitokeza yote humo nyumbani mwao wenyewe. Yule mzee alikuja kuchukua wengine. Wazo lile lilikuwa langu peke yangu, na ndilo lililoniinua.

Siku ya kulipa nilianza kwa mjomba, nikamwamkia na kumkabidhi fedha zake. "Marahaba," alisema akizipokea. "Ukoo nilishauambia kwamba hizi hazirudi, ni sadaka." Akina mama wa kikundi walinipigia vigelegele hadi njiani.

Rafiki yangu nilimweka wa mwisho. Sikuwa nimekanyaga kwake tangu harusi ile. "Karibu, mwanangu! Umenisusa," alisema, akanivutia kiti. Nilimpa bahasha yenye fedha zote za pampu. Akaitia mfuko wa shati bila kuifungua.

"Hesabu," nikamwambia.

"Nikuhesabie wewe?" Akacheka. "Wewe nakuamini."

Nilikaa palepale, sikunywa hata maji yake, mpaka alipoitoa bahasha na kuzihesabu zote mbele yangu.