Saipresi ya Nyuma ya Jikoni

Nilizaliwa kijiji cha Bahati, kwenye shamba ambalo baba alilinunua kwa jasho lake, na kila mti uliosimama pale aliupanda yeye. Saipresi ya nyuma ya jikoni aliichimbia shimo mwaka niliozaliwa. Tulikua pamoja, ila mti ulinizidi adabu, kama mama alivyopenda kunitania.

Mwaka juzi mti huo ulianza kuinamia jikoni. Jikoni kwetu ni kibanda cha mbao kando ya nyumba, na mama hushinda humo kutwa nzima. Baba alitaka kuukata, lakini siku hizi mti haukatwi hivi hivi, hata ukiwa wako na umesimama kwako. Lazima afisa wa misitu aje auone, kisha atoe kibali. Na baba ni mtu wa kufuata sheria. Hata mbwa wetu hajawahi kukosa chanjo. Akaenda ofisini kuomba.

Akaambiwa afisa atakuja. Akarudi kuuliza, akaambiwa afisa yuko mkutanoni. Aliporudi tena, gari halikuwa na mafuta. Mimi nauza viatu mjini, mtaa wa Bondeni, na kila nilipofika nyumbani nilikuta mti umeinama zaidi na mama anapika mlango ukiwa wazi, ndala zimeelekezwa nje, tayari kwa mbio. Nilimwambia baba aukate tu. Akanikatalia kwa hasira.

Alasiri moja upepo ukaja. Mama alikuwa ametoka kumpa ng'ombe chumvi, la sivyo leo ningekuwa naandika mengine. Mti ulilalia kibanda chote. Nilipofika nilikuta sufuria ya githeri imebanwa bapa chini ya gogo, kando ya kigoda cha mama.

Kesho yake baba alimwita jirani mwenye msumeno wa petroli waanze kulitoa gogo. Hawajafika hata katikati, gari likaingia na maafisa wawili. Mafuta yalikuwa yamepatikana.

"Mzee, kibali iko wapi?" mmoja akauliza.

"Imeanguka yenyewe," baba akasema, akionyesha mizizi iliyong'oka.

"Kuanguka imeanguka. Lakini hii kukata, ni wewe unakata."

Nilidhani anatania. Nilisubiri acheke. Badala yake walimpandisha baba nyuma ya pikapu, mzee wa kanisa, na gambuti zake zenye matope, majirani wakiangalia. Nilibishana hadi sauti ikanikauka. Serikali iliyokosa mafuta ya kuja kuokoa jikoni iliyapata ya kuja kumkamata mwenye jikoni, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mimi.

Jioni walimwachilia kwa onyo.

Asubuhi nilimtafuta, nikamkuta nyuma ya zizi la mbuzi. Hapo ndipo alipokuwa na miche yake, ameiotesha kwenye pakiti za maziwa, akingoja mvua. Kila mwaka alipanda mingine, na iliyobaki aliwagawia majirani bure. Sasa alikuwa anaing'oa mmoja mmoja na kuwatupia mbuzi. Alikuwa mtulivu, kama mtu anayepalilia. Nilimshika mkono, nikamuuliza kama amerukwa na akili.

"Unafikiri walinishika kwa sababu ya kukata?" akasema. "Kosa langu ni kupanda. Huyo jirani wa ng'ambo ya barabara hana mti hata mmoja, na hakuna afisa anajua kwake ni wapi."

Nilimwachia mkono akaendelea na kazi yake. Mama alikuwa anapika nje juani, kwenye mawe matatu, na mvua ilipokuja hatukuwa na kitu cha kupanda.